UCHAMBUZI: Sedani kubwa iliyotumika, unafuu wa kununua na uzito wa kumiliki

DAR ES SALAAM – Katika barabara za Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Dodoma, sedani kubwa kutoka Japani zimekuwa sehemu ya mandhari ya kila siku. Toyota Crown, Toyota Mark X na Nissan Fuga ni magari yaliyobuniwa kwa ajili ya wateja wa kipato kizuri nchini Japani. Leo yanaendeshwa na watumishi wa umma, wafanyabiashara na vijana wanaonunua gari lao la kwanza. Mvuto wake unaeleweka: viti vipana, mwendo tulivu, injini yenye nguvu, na bei ambayo kwenye tangazo haipishani sana na ile ya gari dogo la miaka ya karibuni.

Hata hivyo, bei ya tangazo ni sehemu tu ya gharama ambayo mwananchi atabeba. Kodi zinazolipwa bandarini, petroli ya kila wiki, matengenezo na usalama wa wanaosafiri ndani ya gari hilo ndivyo vinavyoamua kama akiba ya miaka kadhaa imetumika vizuri au imezamishwa. Uchambuzi huu unaangalia mambo hayo moja baada ya jingine, ukianza na swali ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi: kwa nini gari la kifahari linauzwa kwa bei ndogo?

Chanzo cha bei ndogo

Jibu linaanzia Japani kwenyewe. Nchini humo kila gari binafsi jipya hufanyiwa ukaguzi wa lazima wa kiufundi baada ya miaka 3, na baada ya hapo kila miaka 2. Mmiliki hulipa pia kodi ya gari ya kila mwaka kulingana na ukubwa wa injini. Kwa gari la petroli lililosajiliwa kabla ya Oktoba 2019, lenye injini ya zaidi ya lita 2.0 hadi 2.5, kodi hiyo ni yeni 45,000 kwa mwaka. Gari likipita miaka 13 tangu lisajiliwe, kodi hupanda kwa takribani asilimia 15 na kufikia yeni 51,700. Kodi inayotokana na uzito wa gari nayo hupanda katika umri huohuo.

Kwa mmiliki wa Japani, mwaka wa 13 ni mwaka wa kupiga hesabu. Gari linakaribia ukaguzi mwingine, kodi imepanda, na baadhi ya vipuri vimefika mwisho wa maisha yake. Wengi huamua kuuza. Aidha, soko la ndani la Japani limehamia kwenye magari ya familia yenye milango ya kuteleza na magari yenye kimo cha juu, kiasi kwamba Toyota ilisitisha uzalishaji wa Mark X Desemba 2019. Gari ambalo halitafutwi tena nyumbani kwake hupelekwa kwenye minada na kununuliwa na wasafirishaji wa nje.

Thamani ya yeni nayo imechangia. Mwaka 2021 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa takribani yeni 110; katikati ya mwaka 2024 ilivuka yeni 160. Mnunuzi anayelipa kwa dola alijikuta anapata gari lilelile kwa fedha pungufu.

Maelezo haya yana pande mbili. Upande mmoja, gari linalouzwa kwa bei ndogo si lazima liwe bovu. Mengi yametunzwa kwa sababu mfumo wa ukaguzi wa Japani unalazimisha utunzaji. Upande wa pili, mtu aliyelijua gari hilo kwa miaka mingi ameona kwamba kubaki nalo kuna gharama asiyotaka kuibeba. Gharama hiyo haiishii baharini, bali inasafiri pamoja na gari na kupokewa na mmiliki mpya.

Umri hugharimu kuliko injini

Gari lililotumika linapoingia Tanzania Bara hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani yake ikijumuisha bima na usafiri hadi bandarini. Hufuata ushuru wa bidhaa unaotegemea ujazo wa injini: asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi cc 2,000, na asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2,000. Injini isiyozidi cc 1,000 haitozwi ushuru huo. Mwishoni huja Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya asilimia 18, ambayo hukokotolewa juu ya thamani iliyokwisha kuongezewa kodi zilizotangulia. Zipo pia tozo ya maendeleo ya reli na ada ya kuchakata nyaraka za forodha, ambazo viwango vyake ni vidogo.

Kati ya kodi hizo umo ushuru wa bidhaa unaotokana na umri wa gari. Gari dogo lililotumika lenye umri wa miaka 8 hadi 10 hutozwa asilimia 15, na lenye zaidi ya miaka 10 hutozwa asilimia 30. Umri huhesabiwa kuanzia mwaka gari lilipotengenezwa, si mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza wala mwaka liliponunuliwa mnadani. Kwa hiyo gari la mwaka 2017 likiingia nchini mwaka 2026 liko katika kundi la asilimia 15, na la mwaka 2014 liko katika kundi la asilimia 30.

Mfano wa hesabu unaonesha uzito wa jambo hili. Chukulia sedani ya cc 2,499 iliyokadiriwa thamani ya Sh10,000,000 ikifika bandarini. Ikiwa na umri wa miaka 7, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT kwa pamoja vinafika Sh6,225,000. Ikiwa na miaka 9, jumla inakuwa Sh8,437,500. Ikivuka miaka 10, jumla inafika Sh10,650,000, yaani kodi inazidi thamani ya gari lenyewe. Hesabu hizi hazijajumuisha tozo ya reli na ada ya forodha.

Sasa badilisha injini badala ya umri. Gari la zaidi ya miaka 10, lenye thamani ileile ya Sh10,000,000 lakini injini ya cc 1,490, hulipiwa Sh9,912,500. Tofauti kati ya injini kubwa na ndogo ni Sh737,500, wakati tofauti kati ya gari la miaka 7 na gari lililovuka miaka 10 ni Sh4,425,000. Wananchi wengi huogopa injini kubwa wanapofikiria kodi za bandarini, ilhali kinachopandisha kodi zaidi ni mwaka wa kutengenezwa.

Ni kweli kwamba thamani ya gari hushuka kadiri linavyozeeka, na hivyo gari kuukuu hukadiriwa chini. Lakini unafuu huo unaweza kumezwa wote na ushuru wa umri. Sedani ya cc 2,499 yenye zaidi ya miaka 10 na thamani ya Sh8,000,000 itamgharimu mnunuzi Sh16,520,000 baada ya kodi hizo kuu. Sedani ya aina hiyohiyo yenye miaka 7 na thamani ya Sh10,000,000 itamgharimu Sh16,225,000. Aliyedhani ameokoa Sh2,000,000 kwa kuchagua gari kuukuu anaishia kulipa zaidi, na kupokea gari lililobakiza miaka michache ya matumizi.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba thamani inayotumika kukokotoa kodi hutoka katika mfumo wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) wa kukadiria magari yaliyotumika, unaopatikana kwenye tovuti ya mamlaka hiyo. Risiti ya muuzaji inayoonesha bei ya chini haipunguzi kodi chini ya makadirio hayo. Mwananchi anaweza kuingiza aina ya gari, mwaka, nchi linakotoka na ukubwa wa injini, akaona makadirio kabla ya kutuma hata shilingi moja. Asiyefanya hivyo hujikuta akikopa fedha za dharura wakati gari limekwisha kushushwa na gharama za uhifadhi zinaongezeka kila siku.

Njia tatu za nchi tatu

Suala la magari yenye umri mkubwa si la Tanzania peke yake, na nchi za Afrika Mashariki zimelishughulikia kwa njia tofauti. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Uganda, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, ilizuia magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania haikuweka ukomo wa namna hiyo; imetumia kodi kupunguza mvuto wa magari kuukuu huku ikimwachia mwananchi uamuzi wa mwisho.

Kila njia ina faida na mzigo wake. Katazo la moja kwa moja hulinda hewa na barabara, lakini hupandisha bei na kuwaweka wengi nje ya umiliki wa gari. Kodi ya umri huacha mlango wazi, lakini humtaka mwananchi afanye hesabu mwenyewe. Mahali ambapo sheria haimkatazi mnunuzi, taarifa sahihi ndiyo kinga yake.

Petroli ya kila mwezi

Tangu Julai 2017 wamiliki wa magari nchini hawalipi tena ada ya leseni ya gari ya kila mwaka. Ada hiyo ilifutwa, na badala yake ushuru wa bidhaa kwenye mafuta uliongezwa kwa Sh40 kwa lita. Kwa mabadiliko hayo, anayetumia mafuta mengi huchangia zaidi, na mmiliki wa gari lenye injini kubwa yumo katika kundi hilo kila anapoingia kituoni.

Sedani ya silinda 6 yenye lita 2.5, ikiwa kwenye foleni za jiji na kiyoyozi kikifanya kazi, inaweza kwenda kilomita 8 kwa lita. Gari la lita 1.5 katika mazingira hayohayo linaweza kufika kilomita 14. Anayeendesha kilomita 1,000 kwa mwezi atahitaji lita 125 kwa gari la kwanza na lita 71 kwa la pili. Tofauti inazidi lita 640 kwa mwaka. Tukichukua bei ya mfano ya Sh3,000 kwa lita, hiyo ni takribani Sh1,930,000 kila mwaka. Kwa miaka minne, fedha hiyo inakaribia thamani ya bandarini ya sedani ya Sh8,000,000 iliyotajwa hapo juu.

Bei za kikomo za mafuta hutangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Mnunuzi makini huchukua bei ya mkoa wake, akaizidisha kwa lita anazotarajia kutumia, kisha akalinganisha na kipato kinachobaki baada ya kodi ya nyumba, ada za shule na chakula.

Baadhi ya wamiliki wamebadili magari yao ili yatumie gesi asilia iliyoshindiliwa, hasa Dar es Salaam ambako vituo vya kujaza vipo. Ni hatua yenye unafuu, lakini si kila injini inafaa kwa mfumo wa kawaida. Injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambazo zimo katika sedani nyingi za kundi hili, zinahitaji vifaa maalumu na fundi anayezifahamu. Aidha, mtungi huchukua nafasi kubwa ya buti, na anayesafiri mikoani ambako hakuna kituo cha gesi bado atategemea petroli.

Kinachoonekana gereji

Sifa nzuri za magari haya ni za kweli. Toyota Mark X, kwa mfano, ina urefu wa takribani mita 4.73, nafasi ya mita 2.85 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na nguvu inayokwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Injini zake za silinda 6 huzungusha mashine kwa cheni, hivyo hazina mkanda wa ndani unaopaswa kubadilishwa kila baada ya kilomita kadhaa. Katika safari ndefu kama ya Dar es Salaam hadi Dodoma, gari la namna hii hutulia barabarani na halimchoshi dereva.

Lakini kila sifa ina gharama yake. Silinda 6 zina maana ya plagi 6, koili 6 na nozeli 6 badala ya 4. Injini ya namna hiyo hunywa zaidi ya lita 6 za oili kila inapobadilishwa, wakati gari dogo la lita 1.5 hutosheka na chini ya lita 4. Mfumo wa chini wenye mikono mingi, ambao ndio unaoleta ulaini wa safari, una bushi nyingi zinazochakaa kwenye barabara zenye mashimo na matuta. Magari yenye shokapu za hewa, kama baadhi ya matoleo ya Toyota Crown Majesta, humletea mmiliki gharama kubwa zaidi hewa inapoanza kuvuja.

Injini zinazopuliza petroli ndani ya silinda zina tatizo jingine linalofahamika kwa mafundi. Kwa kuwa petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, haizisafishi, na masizi hujikusanya humo mwaka hadi mwaka. Dalili zake ni injini kutetemeka ikiwa imesimama, kuchelewa kuitika mguu wa dereva, na taa ya injini kuwaka kwenye dashibodi. Kusafisha vali hizo ni kazi ya siku nzima au zaidi, na kunahitaji fundi mwenye vifaa. Muuzaji anaweza kuizima taa hiyo kwa mashine asubuhi ya siku ya mauzo. Itawaka tena baada ya siku chache, gari likiwa mikononi mwa mwingine.

Spea za magari haya zinapatikana Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, mpya na zilizotumika. Upatikanaji huo ni faida kubwa. Hata hivyo, kifaa kilichotolewa kwenye gari jingine la umri uleule kimebakiza maisha mafupi, na gharama ya ufundi hulipwa upya kila kinapobadilishwa. Kwa mwananchi wa wilaya iliyo mbali na mji mkubwa, spea moja inaweza kumaanisha siku kadhaa gari likiwa limesimama.

Kwa sababu hiyo, anayenunua sedani ya umri huu anashauriwa kutotumia fedha yake yote siku ya kununua. Sehemu ya bajeti ibaki kwa matengenezo ya mwanzo: oili ya injini na ya gia boksi, breki, maji ya rejeta, plagi, betri na matairi. Asiyebakiza kitu mara nyingi huanza kuendesha gari akiahirisha matengenezo, na uahirishaji huo ndio unaoua injini.

Usalama hauonekani kwenye picha

Rangi inayong'aa na viti vya ngozi havisemi lolote kuhusu uwezo wa gari kumlinda abiria. Mfano mkubwa ni mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani, ambayo iliwekwa kwenye makumi ya mamilioni ya magari ya watengenezaji mbalimbali duniani. Kemikali iliyotumika kuijaza ghafla mifuko hiyo huharibika kwa kukaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu, na ikilipuka vibaya inaweza kurusha vipande vya chuma kuelekea kwa dereva na abiria. Kampuni hiyo ilifilisika mwaka 2017, lakini magari yaliyoguswa bado yanatembea. Hali ya joto na unyevu ni hali ya kawaida ya pwani ya Tanzania. Mnunuzi anaweza kuingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji na kuona kama gari hilo liliitwa kwa marekebisho na kama marekebisho hayo yalifanyika.

Matairi nayo yanastahili kuangaliwa kwa makini. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazoonesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2315, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi lenye kashata nzuri linaweza kuwa limezeeka na kukauka. Kwenye gari zito lenye uwezo wa kwenda kasi, tairi la namna hiyo likipasuka barabara kuu, si mali tu inayopotea.

Chini ya gari pia pana habari yake. Magari yaliyotoka mikoa ya Japani yenye theluji hupita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi, na kutu huanza kula chesisi bila kuonekana kwa juu. Gari lililowahi kuingiwa na mafuriko huacha alama: tope kwenye mikanda inapovutwa hadi mwisho, kutu kwenye vyuma vya chini ya viti, na harufu ya ukungu.

Kabla ya kulipa

Kwa anayeagiza kutoka Japani, waraka wa kwanza kuuomba ni karatasi ya mnada. Karatasi hiyo huonesha kilomita zilizosomwa siku ya mnada, kasoro za bodi na alama ya jumla. Alama ya 4 au 4.5 huashiria gari katika hali nzuri, 3.5 huashiria gari lenye kasoro zaidi, na herufi R huashiria gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Kilomita zilizo kwenye karatasi zilinganishwe na za dashibodi gari likifika. Ukaguzi unaosimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) upo ili kuthibitisha ubora wa gari linaloingia nchini, lakini haubadili wajibu wa mnunuzi kujua historia ya gari analolichagua.

Kwa anayenunua gari ambalo tayari limesajiliwa nchini, hatari kubwa iko kwenye nyaraka. Jina lililo kwenye kadi ya gari lilingane na kitambulisho cha anayeuza. Namba ya chesisi na ya injini zilinganishwe na zilizo kwenye kadi. Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo, uthibitisho wa maandishi kutoka taasisi iliyokopesha uoneshe kwamba deni limekwisha. Faini za barabarani zinazodaiwa ziangaliwe kwa namba ya gari kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi, na uhalali wa bima uhakikiwe kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA).

Uhamisho wa umiliki ufanyike TRA mapema, pande zote mbili zikiwa na Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN). Desturi ya kukabidhiana kadi na ufunguo bila kubadili jina humweka kila mmoja hatarini. Muuzaji huendelea kutambuliwa kuwa mmiliki gari likisababisha ajali au kutumika kwenye uhalifu, na mnunuzi hukosa uthibitisho wa kisheria wa mali aliyoilipia.

Kuhusu bima, ile ya mtu wa tatu ni ya lazima kisheria, lakini hailipi hasara ya gari la mwenye bima. Baadhi ya kampuni huweka ukomo wa umri kwa bima kubwa, hivyo mwenye gari kuukuu anaweza kukosa kinga ya mali yake. Ni vema swali hilo liulizwe kabla ya kununua, si baada ya ajali.

Nani linamfaa

Sedani kubwa iliyotumika inaweza kuwa chaguo zuri kwa mtu anayesafiri umbali mrefu kwenye lami, asiyekwenda kilomita nyingi za foleni kila siku, aliye karibu na mafundi wenye uzoefu, na aliyebakiza fedha za matengenezo. Kwa mtu huyo, gari lenye umri usiozidi miaka 7, hata kama bei yake ya Japani iko juu kidogo, mara nyingi litamgharimu kidogo kuliko lile lililovuka miaka 10.

Kwa anayenunua gari la kwanza kwa mkopo wa mshahara, anayekwenda kazini kwa foleni kila asubuhi, au anayeishi mahali penye barabara ya vumbi na matuta, hesabu inaelekea upande mwingine. Gari dogo zaidi na jipya zaidi litambakizia fedha ya shule na ya dharura. Mzigo wa gari lisilowiana na kipato haubebwi na mwenye gari peke yake. Hubebwa na familia nzima.

Viwango vya kodi na tozo huweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha, ambayo huanza kutumika Julai 1 ya kila mwaka. Kwa hiyo hesabu yoyote ihakikiwe TRA wakati wa kununua. Mwananchi aliyeshika karatasi yenye makadirio ya kodi, lita za mwezi, gharama ya matengenezo ya mwanzo na uthibitisho wa nyaraka ana nafasi nzuri ya kukataa gari lisilomfaa kabla fedha haijatoka mfukoni. Kupanga ni kuchagua, na katika ununuzi wa gari, uchaguzi hufanyika kabla ya malipo.